Ukuta nilifunga pande zote. Farasi 9 wamepitia wapi?

MfalmeWaMatofali

Wakuu, habari za mihangaiko. Nina kero, naomba mnitulize kabla sijalifuta hili gemu.

Nacheza Age of Empires II, lile toleo lililopambwa upya la 2019. Kampeni nimemaliza kadhaa, kompyuta ya kiwango cha kati naichapa bila jasho, nikajiona nimeiva, nikaingia mtandaoni kupambana na binadamu. Mechi saba, vipigo saba. Sita nimevikubali. Cha saba ndicho kimeninyima usingizi.

Niseme wazi, mimi ni mtu wa kujenga. Wenzangu wanapenda vita, mimi napenda mji unaoeleweka: nyumba zimenyooka mstari, mashamba yamelizunguka jumba kuu, kinu kiko kando ya vichaka vya matunda, na ukuta wa mawe. Sio uzio wa miti. Ukuta. Jana niliapa huyu jamaa hatii mguu kwangu. Nilipovuka tu kuingia Zama za Umwinyi, ile hatua ya pili ya gemu, nikapeleka watu 8 kuchimba mawe, nikaanza kuzungusha: kutoka ziwani hadi ukingo wa msitu, kisha kutoka upande wa pili wa msitu hadi ziwani tena. Mageti mawili, yote kufuli. Nikaukagua kipande kwa kipande, taratibu, kama mwenye nyumba asiyemwamini fundi. Hakuna pengo la kupita hata panya.

Dakika ya 19 baragumu likalia. Nikabofya niangalie. Farasi 9, wale wazito, wamo katikati ya mashamba yangu wanafyeka wakulima. Ukuta mzima uko vilevile. Mageti hayana hata mkwaruzo. Hawajavunja kitu! Nikapiga kengele watu wakimbilie jumba kuu, lakini jumba linapokea 15 tu, waliobaki wakawa wanazunguka nje kama kuku walioona mwewe. Dakika ya 22 nikasalimu amri.

Nikamuuliza jamaa ametumia programu gani ya kudanganya. Akacheka, akaondoka.

Sasa naomba kujua, kuna njia ya kupenyeza farasi ukutani? Na kama ipo, ukuta wa mawe una kazi gani? Ghalani nilikuwa na mbao 1,100 na mawe 430, kwa hiyo msiniambie nilikuwa maskini. Rekodi ya mechi nimeiambatisha, mwenye muda aitazame.

ZamuYangu

Pole mkuu. Ndiyo maana mimi nilihamia kwenye gemu za zamu. Kwenye Civilization naweza kuacha jeshi limesimama, nikaenda kuoga, nikarudi nikalikuta palepale. Hizi za kukimbizana na saa nimewaachia vijana wenye vidole kumi vinavyofanya kazi.

Jongoo_Mkongwe

Mfalme, rekodi nimeitazama yote. Mara ya pili nimeitazama kwa mwendo wa taratibu, na penseli mkononi. Hili gemu nimelicheza tangu lilipotoka 1999, likiwa bado ndani ya sidii, na vidole vyangu havijawahi kuwa vyepesi, kwa hiyo nisichokiweza kwa kasi nakifidia kwa kuhesabu.

Hakuna programu. Mlango umemfungulia wewe.

Nenda dakika ya 7. Umejenga kambi ya mbao kwenye ule msitu, umeweka wakata miti 9. Sawa kabisa. Dakika ya 14 unaanza ukuta, na pale kwenye msitu unaacha miti isimame badala ya mawe. Hilo nalo si kosa, wote tunafanya hivyo, msitu ni ukuta wa bure. Ila umeuchagua msitu uleule unaoukata! Pale kwenye shingo yake una safu tano tu za miti. Mkata miti hajui kwamba huo ni ukuta, yeye anafuata mti ulio karibu. Kila mti una mbao 100, akiumaliza anageukia unaofuata. Watu 9, dakika baada ya dakika, wanalima kuelekea nje.

Simamisha rekodi dakika ya 16 na sekunde 5. Utamwona mmoja, amejitenga na wenzake, anapiga shoka mti wa mwisho. Mti unaanguka, unabaki kisiki. Nyuma ya kisiki ni nyasi za nje. Na yeye anabeba mbao zake, anarudi kambini kana kwamba hakuna lililotokea. Dakika moja baadaye skauti wa jamaa, yule mpanda farasi wa upelelezi, ambaye muda wote amekuwa akizunguka nje ya ukuta wako kama fisi, anafika pale. Anasimama. Anaingia hatua mbili, anatoka. Ndiyo hivyo, kesi imekwisha. Farasi wote 9 wamepita kwenye kitundu cha upana wa mti mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa heshima zote, bila kugusa ukuta wako.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umejenga ukuta kwanza, halafu ufa ukautoboa kwa shoka lako mwenyewe. Sijawahi kuona methali ikigeuzwa kichwa chini namna hiyo, nimecheka mpaka nimekohoa, nisamehe.

Dawa yake ni ndogo. Ukiutegemea msitu, kambi ya mbao ihamishie msitu mwingine, au weka vipande viwili vitatu vya uzio ndani, nyuma ya wakata miti. Hata nyumba inaziba, na wewe nyumba unazipenda.

Lakini kitundu hicho hakikukuua. Kitundu kimechagua tu siku ya kufa. Hata asingeingia kwa farasi dakika ya 19, angekuja na mitambo ya kurusha mawe baadaye, na ukuta ungeanguka ukiwa umesimama nyuma yake peke yako. Maana hapo ndipo nilipotoa penseli: ulikuwa na askari wangapi? Sifuri. Hukujenga hata boma la askari. Uliingia Zama za Umwinyi kwa kinu na kambi ya mbao, ukaishia hapo. Kitu pekee chenye silaha katika ufalme wako ni yule skauti uliyepewa na gemu mwanzoni, na naye dakika ya 9 alikuwa amesimama kando ya ziwa, sijui anaangalia nini.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Jumba kuu linatoa mwanakijiji mmoja kila sekunde 25, kwa chakula 50. Hiyo ndiyo saa ya ufalme. Nimepima kila mara jumba lako liliposimama bila kuzalisha mtu wala kufanya utafiti. Dakika ya 3 nyumba zimejaa: sekunde 40. Dakika ya 6 nguruwe mwitu amemuua mtu wako, chakula kimekatika: sekunde 55. Dakika ya 8 nyumba zimejaa tena, na wewe ukawa unahangaika kuzipanga ziwe kwenye mstari (nimekuona, uliifuta nyumba moja ukaihamisha hatua moja kushoto!): dakika moja na nusu. Baadaye ukiwa unachora ukuta: dakika moja na sekunde 5. Jumla dakika 4 na sekunde 10. Gawa kwa 25. Watu 10 hawakuzaliwa. Baragumu lilipolia ulikuwa na wanakijiji 32. Ungekuwa na 42.

Usiniambie kumi ni wachache. Tuchukue 7 tu kati yao, wale uliowapoteza kabla ya dakika ya 10. Mtu mmoja huingiza karibu 20 kwa dakika, iwe mbao, iwe chakula. Dakika 9, watu 7, ni 1,260. Toa 350 za chakula walichokula ili wazaliwe, inabaki 910. Askari mwenye mkuki ni chakula 35 na mbao 25, jumla 60. Hao ni watu 15 wenye mikuki, na mkuki ndio dawa ya farasi, hauhitaji hata punje ya dhahabu. Yeye kila farasi amemlipia chakula 60 na dhahabu 75. Farasi 9 dhidi ya mikuki 15 ndani ya mji wako, karibu na jumba linalorusha mishale. Angegeuza njia.

Hiyo ndiyo mechi. Ilipotea pale ulipohamisha nyumba hatua moja kushoto.

MfalmeWaMatofali

Mkuu Jongoo, nimefungua rekodi nikaenda 16:05. Yule mkata miti nimemwona. Nimekaa kimya dakika nzima.

Jamaa nitamwomba radhi nikimpata.

Ila nibishe kidogo. Zile mbao 1,100 na mawe 430 si akiba? Nilikuwa najiandaa kujenga ngome nikiingia Zama za Ngome, ile hatua ya tatu. Mtu asiyeweka akiba atajengaje?

Jongoo_Mkongwe

Akiba ya nini? Humu ghala halizai riba. Mbao ghalani hazizuii mkuki, hazikatai moto, adui akikumaliza zinabaki zimeandikwa juu ya kioo kama kumbukumbu ya marehemu.

Shamba moja ni mbao 60. Mbao zako 1,100 ni mashamba 18. Na wakati huohuo chakula chako, nimekiandika hapa, kilikuwa 90. Ili uingie Zama za Ngome unatakiwa chakula 800 na dhahabu 200. Kwa hiyo ulikuwa umekalia mashamba 18 huku unalia njaa. Mawe ndiyo kabisa. Ngome inakula mawe 650. Ulianza na 200, ukachimba kama 780, ukamwaga 550 kwenye ukuta. Kipande kimoja cha ukuta ni mawe 5, ulijenga vipande 110. Ungeyaacha hayo mawe hata ardhini, na wale watu 8 ukawaweka shambani na kwenye dhahabu, ungekuwa umeshavuka.

Mimi nina tabia moja, ichukue au iache. Kila ninapomaliza jambo lolote, liwe dogo kiasi gani, kidole kinagusa H, jumba kuu linachaguliwa, natazama: kuna mtu anatengenezwa? Yupo, naendelea. Hayupo, naongeza. Nimemaliza kuchora shamba, H. Nimemwelekeza skauti, H. Mwanzo inachosha, baada ya wiki mbili kidole kinakwenda chenyewe. Halafu ile alama ya nukta kwenye kibodi inakuonyesha mwanakijiji asiye na kazi. Ulikuwa na watatu wamesimama kando ya geti la kaskazini kuanzia dakika ya 17. Nadhani walikuwa wanausifia ukuta.

DadaMkuki

Nimefika kwa kuchelewa, ila siwezi kupita hivihivi. Mzee Jongoo hesabu zako tamu, lakini una kisasi na ukuta. Mimi nafunga mji kila mechi na nashinda zaidi ya ninavyoshindwa.

Tatizo la Mfalme ni kwamba ukuta wake ni mkubwa mno na umechelewa mno. Vipande 110! Ndani yake kuna ziwa, kuna swala ambao hakuwawinda, kuna pori tupu lisilo na hata kichaka. Alikuwa analinda nyasi. Mimi nafunga kwa uzio wa miti mapema, kuanzia dakika ya 7 hivi, mtu mmoja tu ndiye anafanya, na nafunga karibu: mashamba, mbao, dhahabu, basi. Penye upenyo mdogo naweka nyumba. Boma la askari nalo naliegemeza palepale liwe sehemu ya uzio. Kwa njia hiyo kila mbao inafanya kazi mbili. Uzio wa miti unavunjika upesi, ndiyo, lakini anapouvunja naona, baragumu linalia, nina sekunde za kuhamisha wakulima. Uzio wangu ni kengele, siuhesabu kama ngao.

Na Mzee, hesabu yako ina tundu pia. Watu 7 wanahitaji pa kulala. Nyumba moja inabeba 5, ni mbao 25. Nyumba mbili umezisahau.

Jongoo_Mkongwe

Dada umenikamata. Toa 50, inabaki 860, mikuki 14 badala ya 15. Mmoja amekufa kwa kukosa nyumba. Boma la askari la mbao 175 asilihesabu, atalilipia kwa zile 1,100 zilizolala.

Na la uzio wa karibu nakubali, sina ubishi. Nilichokuwa nakataa ni ukuta wa kujivunia.

ZamuYangu

Nimerudi kusoma, nimegundua nyie ni wahasibu mnaojifanya makamanda.

Kwa swali la pembeni: kompyuta yangu ni ya zamani. Kuna gemu ya aina hii ya bure? Nishawishike kidogo.

DadaMkuki

Jaribu 0 A.D. Ni ya bure kabisa, chanzo chake kiko wazi, na ndani kuna ufalme wa Kush, Karthago, Warumi na wengineo. Mwendo wake unafanana: raia, mbao, chakula, jeshi. Tofauti moja utaipenda: askari wa kawaida wa miguu nao wanalima na kukata miti, kwa hiyo Mfalme angekuwa na jeshi hata kwa bahati mbaya.

MfalmeWaMatofali

Wakuu, narejesha mrejesho. Nimempata yule jamaa, nikamwomba radhi, akasema tucheze tena.

Nilibandika karatasi chini ya kioo: H. Nyumba niliziweka popote, mji wangu umekuwa kama mtu aliyemwaga njugu sakafuni, naumia kuutazama. Nguruwe mwitu safari hii nilimvuta vizuri hadi jumba kuu, mtu wangu akaingia ndani, wenzake wakammaliza kwa mishale. Umwinyi nikauingia dakika ya 11 badala ya 14. Uzio wa Dada, karibu, mtu mmoja. Nimepima kama Mzee alivyopima: jumba kuu lilisimama jumla dakika 1 na sekunde 35. Bado ni watu watatu na ushee hawakuzaliwa, najua.

Boma nikajenga. Mikuki nikaitoa, mpaka ikafika 20. Nikaipanga mbele ya mashamba, mistari miwili, imenyooka (hapo nilishindwa kujizuia). Nikawa nawasubiri hao farasi kwa hamu kabisa.

Hakuleta farasi hata mmoja. Amekuja na wapiga mishale 14. Wakasimama nje ya uzio, mbali kidogo, wakaanza kuwadungua askari wangu mmoja mmoja. Nikiwatuma mbele, wanarudi nyuma hatua tatu, wanapiga, wanarudi tena. Mikuki yangu 20 ilikwisha bila kumgusa mtu. Nimedumu mpaka dakika ya 31.

Sasa mishale dawa yake nini?

DadaMkuki

Warusha mikuki mifupi, wale wanaotoka kwenye jengo la uwanja wa mishale. Chakula 25, mbao 35, hawali dhahabu. Na skauti wako alikuwa wapi? Ungemtuma kwake dakika ya 12 ungeuona uwanja wa mishale unajengwa, usingetoa mkuki hata mmoja.

MfalmeWaMatofali

Skauti alikuwa ziwani.

Jongoo_Mkongwe

Weka rekodi. Nachonga penseli.